Naomba ushauri: mtu mzima anapimwa usonji Uingereza, mzazi yuko Tanzania

Ndugu zangu mlioko Uingereza, naomba msaada kwa jambo moja: mahojiano ya mzazi asiyejua Kiingereza mliyafanyaje?

Hatua za mwanzo zinaeleweka. GP (daktari wa kawaida wa mtaani) anampa mtu dodoso la dalili za usonji liitwalo AQ-10, maswali 10. Alama 6 au zaidi zinatosha kuomba rufaa. Kwa England, mgonjwa ana haki ya kuchagua kituo kingine chenye mkataba na NHS (huduma ya afya ya umma), hivyo halazimiki kukaa kwenye foleni ya eneo lake. Wales na Scotland haki hiyo haipo.

Pagumu ni utotoni. Vigezo vya DSM-5, mwongozo wa wataalamu wa kutambua hali za akili, vinataka dalili ziwe zimeanza mapema, ndiyo maana mpimaji humtafuta mzazi. Mama akijibu tu "alikuwa mtoto mtulivu", ripoti inabaki na pengo. Afadhali aulizwe vitu vinavyoshikika: alianza kusema lini, alinyoosha kidole kuonyesha kitu, alicheza na wenzake au kando yao, kelele gani zilimliza, nguo au chakula gani alikataa katakata. Halafu kutomkazia mkubwa macho kwetu ni adabu. Mpimaji asipoambiwa mapema, anaweza kuihesabu kuwa dalili.

Sasa, kuna aliyeunganishiwa mkalimani wa simu hadi Tanzania, au mliandika maelezo yakatafsiriwa? Dada au kaka mkubwa alikubaliwa badala ya mzazi? Na ripoti za shule ya msingi, zile zenye maoni ya mwalimu wa darasa, zilisaidia?