Je, mtaa wa Wachina wa New York bado ni wa wenyeji wake wa awali?

Swali (Mkomani, Lamu): Assalamu alaikum. Hapa kwetu nyumba nyingi za kale zimenunuliwa na wageni. Je, mtaa wa Wachina wa Manhattan nao umebadilika?

Jibu (Langoni): Waalaikum salaam, ndugu yangu. Waanzilishi walitoka mkoa wa Guangdong, kusini mwa China, hasa eneo la Taishan, na sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965 ilipowafungulia mlango wengi wa Hong Kong, Kikantoni, lugha ya Guangdong na Hong Kong, kikatawala. Lakini tangu miaka ya 1980 watu wa Fuzhou, mkoani Fujian, walijaa barabara ya East Broadway mtaani humo.

Jibu (Malindi): Naongeza kwamba kodi za juu za pango zimewasukuma wengi hadi Sunset Park (Brooklyn) na Flushing (Queens), mitaa mingine ya Wachina jijini New York. Wanaonihuzunisha ni wazee waliobaki, ingawa vyama vya ukoo vinavyomiliki majengo bado vinawasaidia.