Msaidizi Ligi Kuu au kocha mkuu Championship: ungechagua kipi?

Benchi_la_Nyuma: Wakuu, habari za jioni. Nina ofa mbili, natakiwa nijibu kabla ya Ijumaa. Moja ni kocha msaidizi timu ya Ligi Kuu, nyingine kocha mkuu Championship, daraja la chini ya Ligi Kuu yetu. Pesa hazipishani sana. Lengo langu siku moja nisimame mwenyewe timu kubwa. Njia ipi inanifikisha?

Kipyenga_255: Mkuu, umetupa nusu habari halafu unataka ushauri kamili. Leseni gani? Mkataba wa muda gani? Kocha mkuu wa hiyo ya Ligi Kuu ni nani, na wewe umeletwa na yeye au na viongozi? Hapo pa mwisho ndipo penye kila kitu.

Mwana_Lupaso: Nenda usaidizi bila kuuliza. Hemed Suleiman "Morocco" alikuwa msaidizi wa Amrouche Taifa Stars. Januari 2024 CAF, shirikisho la soka Afrika, wakamfungia Amrouche mechi nane katikati ya AFCON, Morocco akakabidhiwa timu kule Ivory Coast. Novemba mwaka huohuo tukaipiga Guinea 1-0 kwa Mkapa, tukafuzu AFCON 2025. Angekuwa Championship nani angemkumbuka?

Nyasi_Kavu: Huyo ni mmoja. Mbona humtaji Matola? Lipuli aliifikisha fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani 2019, wakafungwa na Azam 1-0. Mwisho wa mwaka huo akaenda kuwa msaidizi Simba. Wageni wakaja wakaondoka, Vandenbroeck, Gomes, Pablo, yeye anabaki kushika timu kwa muda mpaka aje mwingine. Nchi hii ukizoeleka msaidizi, umezoeleka.

Mnyama_Damu: Muacheni Matola wetu. Nyie Yanga, Kaze mlimfukuza ukocha mkuu mwaka 2021, mwaka huohuo mkamrudisha awe msaidizi wa Nabi.

Nyasi_Kavu: Na tukabeba ubingwa mara mbili mfululizo. Tuendelee?

Kipyenga_255: Simba na Yanga pelekeni kwenye jukwaa lenu. Mtu ana Ijumaa.

Mzee_wa_Koni: Kijana, nisikilize. Niliwahi kuwa msaidizi timu moja ya Ligi Kuu, siitaji. Viongozi waliniajiri kabla hawajampata kocha mkuu. Maandalizi ya msimu nikayaendesha mwenyewe, wachezaji wameshanielewa. Mgeni akatua na msaidizi wake, kocha wa viungo wake na mtu wa video. Wiki ya kwanza akanisalimia vizuri tu. Ya pili nikawa napanga koni na kugawa vizibao, halafu natafsiri. Kikosi nakiona pamoja na mashabiki. Tulipofungwa mechi tatu, viongozi wakaniita pembeni: "Wewe mzawa, kwa nini hukumshauri?" Alivyofukuzwa yeye akalipwa fidia ya mkataba wake, mimi nikaambiwa nisubiri hadi timu ipate fedha za mgao. Nasubiri mpaka leo.

Mwana_Lupaso: Pole mzee, ila hiyo ni bahati mbaya. Flick alimsaidia Löw timu ya taifa ya Ujerumani kuanzia 2006 hadi Kombe la Dunia 2014, halafu akaingia Bayern kama msaidizi wa Kovač. Kovač akafukuzwa, 2020 Flick ana Ligi ya Mabingwa mkononi.

Nyasi_Kavu: Malizia basi. Kabla ya Löw, Flick alikuwa kocha mkuu Hoffenheim tangu 2000, kwenye madaraja ya chini huko. Na Lijnders, msaidizi wa Klopp Liverpool? Alitoka kwa Klopp 2018 akaenda NEC ya Uholanzi awapandishe Eredivisie, ligi kuu ya huko, ikashindikana, baada ya miezi michache yuko tena Liverpool.

Benchi_la_Nyuma: Samahani wakuu, nilikuwa mazoezini. Nina leseni B. Mkataba mwaka mmoja kote kote. Kocha mkuu ni mgeni, bado hajatangazwa.

Mzee_wa_Koni: Hajatangazwa! Nimeandika yote yale kwa ajili ya nani?

Kipyenga_255: Dai iandikwe kwenye mkataba kwamba akija na watu wake wewe unabaki na mshahara wako. Wakikataa, umepata jibu. Na kwa leseni B hata timu ikienda mashindano ya CAF huwezi kuandikwa kocha mkuu, wanataka A. Upande wa Championship soma kanuni za msimu huu kabla hujasaini.

Mwana_Lupaso: Kozi ya A yenyewe nafasi hupati.

Mnyama_Damu: Nafasi wanapata waliocheza zamani. Sisi tusio na jina tutasubiri sana.

Nyasi_Kavu: Mourinho alicheza wapi?

Mnyama_Damu: Mourinho hakuomba kozi TFF, Ilala.

Mzee_wa_Koni: Benchi, hiyo ya Championship ni ya mkoa gani? Kama ndiyo ninayoifikiria, uliza kwanza mechi za ugenini mnasafiri na nini.