Shingo ya besi ya vipande 5: mepo na wenge, au mninga na mpingo?

BesiChini:
Wakuu, habari zenu. Naunda shingo ya gitaa la besi ya kuunganisha vipande 5 vya mbao. Nimebaki na njia mbili: mepo tatu na wenge mbili katikati yake, au mninga mitatu na mpingo miwili myembamba. Mbao zote ninazo. Kesho kutwa napaka gundi. Ipi itabaki imenyooka?

RandaKali:
Mkuu, mbona hujatuambia kitu? Nyuzi ngapi? Skeli, yaani urefu wa uzi unaotikisika, ni inchi 34 au 35? Shingo ya kufunga kwa skrubu au inapita mwili mzima? Ndani kuna nondo ya chuma ya kurekebishia upinde wa shingo? Mbao zimekauka kiasi gani? Besi ya nyuzi 4 inavuta shingo kwa zaidi ya kilo 70, usiku na mchana, hata ikiwa ndani ya mfuko. Uzi wa tano unaisogeza karibu na 90. Huwezi kujibiwa bila hayo.

WengeDaima:
Mepo na wenge, usihangaike. Wenge haikunjiki kirahisi, na ukiibana kati ya mepo inakuwa kama mbavu. Vaa barakoa tu ukiwa unasaga, vumbi lake linawasha, na kibanzi kikiingia kidoleni kitoe siku hiyohiyo, kinatunga usaha upesi.

Msasa_Mia:
Mimi nilifanya hiyo ya mninga na mpingo, sikiliza yaliyonikuta. Mninga ulikuwa mkavu, umekaa stoo miaka. Mpingo niliambiwa mkavu nikaamini, maana uso wake ulikuwa mkavu kweli, kumbe ndani bado una maji. Nikapaka gundi, nikabana klampu kumi, asubuhi shingo imenyooka kama rula. Nikachonga, nikapiga msasa mpaka ukipitisha kiganja hujui mbao moja inaishia wapi. Mwezi wa pili, nikiwa napiga, kidole gumba kikaanza kugusa mfereji nyuma ya shingo. Mpingo umesinyaa, mninga umetulia palepale, kila mstari mweusi umezama. Nikasawazisha. Mwezi wa nne shingo ikajisokota: upande wa uzi mnene freti (vile vyuma vya kukingama kwenye shingo) zinalia, upande wa uzi mwembamba nyuzi zimenyanyuka. Nondo inarekebisha upinde wa mbele na nyuma, msokoto haiuwezi. Nilizungusha ile nati hadi nikaogopa kuikata. Kazi ya wiki sita ikaishia hapo.

RandaKali:
Pole sana ndugu. Ila hapo kosa ni maji, mpingo hauna hatia. Pima kwa mita ya unyevu, vipande vyote visomeke karibu sawa, asilimia 6 hadi 8 kama chumba chako ni kikavu. Pasua, viache vipumzike wiki mbili, virande tena ndipo uunganishe. Na angalia pete za ukuaji wa mti kwenye ncha ya ubao: zikisimama wima ni vizuri. Zikilala, pasua ubao katikati, geuza nusu moja ili pete zitazamane. Mmoja akivuta kushoto, mwenzake anavuta kulia.

dada_Freti:
Naongezea: mninga unasifika kwa kutosinyaa sana, lakini ugumu wake wa kukunjika uko chini ya mepo. Kwa nyuzi 5 ningeweka fito mbili za kaboni kando ya nondo. Mpingo nao unazama majini kwa uzito. Ukiuendeleza mpaka kwenye kichwa, besi itainamia sakafuni kila ukiachia mkono.

WengeDaima:
Na sauti je? Wenge inakata, mninga unalainisha.

dada_Freti:
Kaka, hilo silikubali. Kwenye besi ya umeme pikapu (kile kifaa cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi) na nyuzi ndizo zinazoongea zaidi. Shingo unaisikia kwenye noti zinazokufa mapema, mara nyingi uzi wa G kati ya freti ya 5 na ya 7. Hapo shingo inatikisika pamoja na uzi na kula nguvu yake. Shingo ngumu au nzito inahamisha hilo doa, haliondoki.

WengeDaima:
Nimepiga besi zenye wenge miaka mingi, masikio yangu yanatosha.

BesiChini:
Samahani, nilikuwa kazini. Nyuzi 5, inchi 34, ya skrubu, nondo ipo. Mita ya unyevu sina. Mpingo nilipewa na rafiki mwaka huu, magogo madogo. Moyo bado uko kwenye mpingo, ile mistari myeusi ni mizuri mno.

Msasa_Mia:
Magogo ya mwaka huu? Mkuu, weka gundi chini. Mpingo unakauka polepole mno.

Kinanda_Zamani:
Na kama unafikiria kuiuza nje, fahamu mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017. Ala zilizokamilika zililegezewa 2019, ubao mbichi haukulegezewa.

BesiChini:
Siuzi, ni yangu. Je, mpingo ukishakauka, kuna haja ya kuufuta kwa asetoni kabla ya gundi?

RandaKali:
Ufute, halafu ubane ndani ya dakika chache, mafuta yanarudi juu. Ila kata kipande kidogo uunganishe cha majaribio kwanza, kisha ukivunje kwa nyundo. Kikivunjikia kwenye mbao, gundi imeshika.