William Schallert: nianzie wapi?

Swali: Wakuu, Schallert alicheza vipindi mamia vya televisheni ya Marekani. Nianze na kipi?

Jibu: The Patty Duke Show (1963–1966). Ni Martin Lane, baba wa nyumba. Usichanganyikiwe ukimwona kwa sura mbili: ndiye pia Kenneth, pacha wa Martin.

Jibu: Ongeza Star Trek, tamthilia ya safari za anga, sehemu iitwayo “The Trouble with Tribbles” (1967). Nilz Baris wake, ofisa mkali wa nafaka, anakera kweli bila kupiga kelele. Umahiri huo!

Jibu: Na chama je? Aliongoza Screen Actors Guild, chama cha waigizaji wa Marekani, 1979–1981. Mgomo wa waigizaji wa 1980 ulidai mgao wa mapato ya kanda za video na televisheni ya kulipia. Kwa mwigizaji wa kipindi kimoja kimoja, mgao ndio mkate.