Mkuu wa wahudumu hufanya nini hasa katika mgahawa wa hadhi ya juu?

Sinia la Shaba anauliza:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Nimehudumu miaka sita katika hoteli ya ufukweni ambako chakula ni cha bufee, na mwezi ujao nahamia mgahawa wa Kifaransa nikiwa msaidizi wa mkuu wa wahudumu, yule ambaye Wafaransa humwita maître d'hôtel. Kwetu kapteni aligawa meza na kukagua sare, basi. Huko niendako kazi hiyo inatofautianaje?

Kijana wa Forodhani:
Hongera. Tofauti kubwa ni muda. Kwenye bufee mgeni hujipakulia apendapo, lakini vyakula vinapoletwa kimoja baada ya kingine, utaratibu ulioenea Ulaya katika karne ya 19 na kuitwa huduma ya Kirusi, lazima awepo mtu mmoja anayejua kila meza imefika wapi na jikoni wamefika wapi. Chukua meza ya watu wanane: supu imekwisha, samaki yu karibu kuiva, na mgeni mmoja ameinuka kwenda kupokea simu. Mhudumu mgeni ataleta sahani nane, moja ipoe mbele ya kiti kitupu. Mkuu wake huwa ameshafika mlango wa jikoni kuomba dakika tano, na atafokewa, maana shefu naye ana haki yake. Mimi jioni yangu ya kwanza niliogopa kufokewa, nikaleta samaki; meza nzima ikakaa ikimsubiri mwenzao huku mchuzi ukiganda.

Mama Ukumbi:
Ni kweli, ila mwanangu usidharau mikono. Pale Tour d'Argent, Paris, Frédéric Delair, aliyekuwa mkuu wa wahudumu kabla ya kuumiliki mgahawa huo, alianza mwaka 1890 kumpa kila bata namba yake, na bata huyo alikatwa ukumbini, mgeni akitazama. Jifunze kumtoa miiba samaki mzima kwa kijiko na uma, bila kumgusa kwa vidole. Kuhusu bakshishi, uliza siku ya kwanza inagawanywaje, kwa sababu ugomvi mwingi wa wahudumu huanzia hapo.

Sinia la Shaba:
Asanteni sana. Ijumaa nitanunua changu wawili sokoni nianze mazoezi nyumbani. Mlango wa jikoni nitauzoea hukohuko.