Simu ya WhatsApp inakata dogo akiaplodi, naomba ushauri

Wakuu habari za saa hizi, home tuna waifai ya Mbps 10 na tuko watu saba, sasa ikifika saa mbili usiku nikimpigia bro yuko Manchester sauti inakuja kama roboti, ni "unanisikia? unanisikia?" mpaka tunakata. Na simu ya sauti haili hata Mbps 1! Nimepima ping (muda data inachukua kwenda na kurudi) watu wakiwa wamelala ni milisekunde 180, dogo akianza kupandisha video inaruka hadi 900, nahisi aplodi ndo inajaa. Kwenye ruta nimeona sehemu ya QoS (ya kupanga kifaa gani kipewe intaneti kwanza) ila naogopa kugusa, niipe simu yangu kipaumbele au nimbane dogo spidi? Kumchomoa kabisa nishajaribu, nyumba nzima walininunia.