Naomba ushauri: ioni ndogo, mbona inayeyuka mapema?

Wakuu, naombeni msaada. Najua chaji ikipanda na ioni (atomi zenye chaji ya umeme) zikiwa ndogo, bondi ya ioni, yaani mvutano kati yao, inakaza, na hivyo natarajia kitu kiyeyuke kwa joto kubwa zaidi. Oksidi ya magnesiamu, yenye ioni za chaji +2 na −2, inayeyuka juu ya nyuzi 2,800 za Selsiasi. Chumvi ya kawaida, yenye +1 na −1, ni 801 tu. Hapo sina shida.

Kinachoninyima usingizi ni floridi ya lithiamu. Ioni ya lithiamu ni ndogo kuliko ya sodiamu, na nishati ya kuitenganisha fuwele yake kweli ni kubwa zaidi. Lakini inayeyuka karibu na 848, wakati floridi ya sodiamu inavuka 990! Nimerudia majedwali mara tatu, yanasema hivyohivyo. Je, nimekosea kupima uimara wa bondi kwa kiwango cha kuyeyuka?